Badilisha Iwe Wakati Uliopita

Saa nne na robo usiku, kituo cha polisi, Umoja.
Kalamu imefungwa mezani kwa kamba ya kiatu
kana kwamba ndiyo mshukiwa.

"Amekupiga?"

Amesema atanipiga.
Amesema atatuchoma, mimi na nyumba,
na leo amenunua mafuta ya taa, lita tano,
sisi ambao tuliuza stovu tulipohamia gesi.

"Kwa hivyo hajakupiga."

Leo, hapana.
Mwezi wa tano, ndiyo: mbavu mbili. Niliripoti,
imo humo humo, kurasa za nyuma,
aliyeandika alihamishiwa Kitui.

Konstebo hafungui kurasa za nyuma.
Anajikuna shingo kwa kifuniko cha kalamu.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, darasa la sita.
Miaka kumi na minane nawaambia watoto wa watu:
-TA- ni wakati ujao.
-ME- ni hali timilifu, jambo limetendeka,
alama yake ingali ipo.
Sikujua kuna ofisi ya serikali
inayofanya kazi kwa -ME- peke yake,
na mwenye -TA- arudi nyumbani
akangoje silabi ibadilike.

Si kijana mbaya. Uchovu wake naujua,
ni wa mtoto ambaye hakufanya zoezi
na sababu anayo.
Ananionyesha Landkruza kupitia dirishani,
tairi moja limeketi chini.
"Mwalimu, hata tungetaka. Dizeli ya leo imekwisha.
Wacha nimpigie tu simu."

Sijamaliza kusema usimpigie, anampigia.
"Mzee Musembi? Bibi yako tuko naye hapa."

Hivyo ndivyo mume wangu alivyojua nilipo.

Dakika ishirini. Amechana nywele.
Amebeba sweta yangu ya kijani,
"Kuna baridi, Mumbe," akaniambia,
akasalimu kila mtu, hata mahabusu aliyekuwa akipiga deki.
Wakacheka kuhusu mpira, bao la dakika za nyongeza.
Sajini akatoka ndani na chai yake
akasema vikombe kabatini havikosi kugongana.
Nilitaka kumuuliza, afande,
na kikiwa ni kimoja tu kinachogonga,
kile kingine kila wiki kinapoteza mkono,
hilo bado ni kabati?
Nikavaa sweta. Ilinukia taa.

Konstebo akainama, akaandika polepole,
nami nikasoma kichwa chini miguu juu
jinsi walimu tunavyozoea kusoma:
*Ugomvi wa kifamilia. Wamepatana.*
Ndiyo -ME- yangu ya kwanza kupokelewa.

Langoni nikamwambia Musembi atangulie,
Kasyoka anataka choo.
Kasyoka hakutaka choo.
Ana miaka tisa, alinitazama, akasema,
"Ndiyo, sana."
Nyuma ya vyoo ua umebomoka, unatokea kwa waosha magari,
na kutoka hapo hadi shuleni ni mwendo wa kukimbia
kwa mwenye mbavu nzima.

Mlinzi, Mzee Abagaro, alifungua bila taa.
Hakuniuliza kitendo kiko wakati gani.
Alitupa blanketi lake, akavuta stuli
akaikalia, mgongo kwenye geti.

Tulilala darasani kwangu, juu ya madawati manne.
Yaani Kasyoka alilala.
Mwanga wa mlingoti wa barabarani ulipenya
hadi ubaoni, kwenye mwandiko wangu wa mchana,
ule wa kujivuna, wenye mistari iliyonyooka:

*Badilisha iwe wakati uliopita.*
*1. Mvua itanyesha.*
*2. Mama atarudi nyumbani.*
*3. Polisi watafika.*

Ya kwanza niliiacha. Ya tatu pia,
wataijibu asubuhi, watoto hujibu lolote.
Kifutio sikukiona gizani.
Ile ya pili niliifuta kwa mkono wa sweta.